UZI: Tashwishi si shaka. Neno lililotaka kutuvunjia kikao, asili yake na maana yake

Katibu_Kaskazini (mwanzisha uzi)

Assalaam alaykum jamaa zangu.

Mie ni katibu wa ushirika mdogo wa kina mama na vijana wanaolima mwani huku kaskazini ya Pemba. Kazi yangu ni kuandika mihtasari ya vikao na barua na kutunza majalada. Wiki iliyopita nimeandika neno, nikalifuta, nikaandika jengine, na hilo la pili limemtoa mtu machozi. Tokea siku hiyo nimelichimba. Naleta hapa nilichokipata, na wenye elimu kuliko mie wanirekebishe.

Kisa chenyewe. Mizani yetu ina madaftari mawili. Moja anakaa nalo kijana ufukweni, anaandika kilo pale pale mwani unapopimwa. La pili analo mweka hazina wetu, mama mtu mzima ambaye sote tunamwita Bi Mkubwa. Lake analifunga kwa kipande cha leso, na halifungui mpaka akaushe mikono. Mwezi uliopita jumla za madaftari hayo mawili hazikulingana. Kikao kikazungumza, nami nikaandika: "Wanachama wana tashwishi kuhusu hesabu za mwezi uliopita."

Kikao kilichofuata, wakati wa kuthibitisha muhtasari, mwenyekiti akanambia: "Katibu, maneno ya vitabuni ya nini? Andika shaka, kila mtu afahamu." Nikakata, nikaandika juu yake, nikasoma tena kwa sauti: "Wanachama wana shaka kuhusu hesabu za mwezi uliopita."

Bi Mkubwa akavua miwani. Akaikunja, akaiweka juu ya daftari lake, akasema taratibu kabisa: "Basi mnanitilia shaka mie." Akanyanyuka akatoka.

Hakuna aliyekuwa amesema kaiba. Hakuna aliyelifikiria hilo. Lakini lile neno lilikwishalisema.

Sasa niwaambie ninavyoona. Watu wengi wanalichukulia tashwishi kuwa ni shaka iliyovishwa kanzu na kofia kwa ajili ya barua za ofisini. Mie naona ni vitu viwili tafauti, na tafauti yake inatokana na asili ya kila neno.

Tashwishi ni la Kiarabu, tashwish. Liangalie umbo lake: ni lile lile la tafsiri, takbiri, tasbihi, tahariri. Maneno ya umbo hilo hutaja kitendo ambacho mtu anakifanya juu ya kitu. Mwenye kutoa takbiri anatamka ukubwa wa Mungu, na mwenye kutoa tafsiri anafafanua kilichofungika. Basi tashwish kwa asili ni kukivuruga kitu, kukichanganya na chengine mpaka usijue kipi ni kipi. Al-Jawhari, mwanakamusi mkubwa wa Kiarabu, alilieleza kwa neno moja tu lenye maana ya kuchanganya. Karne kadhaa baadaye mwanakamusi mwengine, al-Fayruzabadi, akamkosoa, akasema neno lenyewe si fasaha na lililo sawa ni tahwish. Watu hawakumsikiliza, wakaendelea kulitumia, likasafiri mpaka kwetu.

Kwa hivyo ndani ya tashwish hamna shaka hata kidogo. Mna mchafuko. Shaka ni kinachomfika mtu baada ya mambo kuchafuka.

Na shaka nalo ni la Kiarabu, shakk. Hili linahusu moyo wa mtu na hukumu yake: nasadiki au sisadiki? Ndiyo maana ukimwelekezea mtu linamchoma.

Nawasikiliza.

---

KojaniKwetu

Waalaykum salaam, katibu. Pole kwa yaliyokufika, na umfikishie salamu zetu huyo mama.

Suala langu ni jepesi. Kwani usingeandika "wasiwasi" yakesha? Hilo kila mtu analijua, toka mtoto wa chekechea mpaka mzee wa mtepe. Tena husemwa kuwa wasiwasi ndio akili.

---

Katibu_Kaskazini

Ndugu yangu wa Kojani, nililifikiria hilo pia. Wasiwasi lina kazi yake. Asili yake ni waswas, na hata sauti yake inajirudia kama mtu anayenong'ona: was-was, was-was. Ndilo hilo hilo tunalolisoma katika Suratun Naas, kinga ya shari ya mwenye kutia wasiwasi akarejea nyuma. Ni mnong'ono unaokuja ndani ya mtu hata kama nje hakuna kilichoharibika.

Nilipokuwa mdogo palikuwa na mzee mmoja mtaani kwetu, mcha Mungu hasa, lakini alikuwa na wasiwasi wa udhu. Akikaa kwenye birika la msikiti anaosha mkono wa kulia mara tatu, anausimamisha, anautazama unavyochuruza maji, kisha anaurejesha tena. Watu wanakimu, wanasali rakaa ya kwanza, yeye bado yuko na kiwiko. Maji yalikuwa safi na mkono umerowa wote, ila yeye moyo wake haukukubali.

Sasa hesabu zetu hazikuwa hivyo. Madaftari yalikuwa yamepishana kwelikweli. Ningeandika wasiwasi ningekuwa nasema wanachama wanasumbuliwa na nafsi zao tu.

---

BintiMkunazini

Uzi huu umenigusa kwa sababu nyengine. Bibi yangu mzaa baba, Mungu amrehemu, alikuwa akizungumza Kiurdu na dada zake, pale pale Mji Mkongwe. Neno lao lilikuwa *tashvish*, na kwao maana yake ni kuhangaika roho, kuwa na mashughuliko juu ya jambo. Mtu akichelewa kurudi nyumbani, hiyo ndiyo tashvish. Kiajemi nacho kinalo hivyo hivyo.

Kwa hiyo neno moja limetoka Uarabuni, kwa Waajemi na Wahindi likawa wasiwasi wa moyo, na kwetu likawa jirani wa shaka. Wewe katibu unatuambia asili ni kuvuruga vitu. Mie naona safari yote hii inakwenda upande mmoja: limeanza nje, kwenye vitu, likaingia ndani ya mtu.

---

Katibu_Kaskazini

Bi Binti, umenifungulia mlango. Ahsante sana. "Limeanza nje likaingia ndani", hapo ndipo penyewe.

Na umenikumbusha kitu. Marehemu baba alikuwa na redio ya betri, ya mawimbi mafupi. Usiku alikuwa akiiweka juu ya kinu kilichopinduliwa ukumbini, akitafuta idhaa ya Kiswahili ya BBC. Unajua redio zile: unakipata kituo, mtangazaji anaanza, mara inaingia sauti ya kituo chengine, muziki na Kiarabu na mtu anayesoma habari, vyote kwa pamoja. Baba anazungusha kitufe kwa ncha za vidole, unywele mmoja mbele, unywele mmoja nyuma.

Mwaka mmoja alikuja mjomba kutoka Maskati, akakaa nasi kusikiliza. Mawimbi yalipoingiliana akasema: "Hapo kuna tashwish." Nikadhani anasema haamini habari zile. Nikamuuliza, "Mjomba, hazina ukweli?" Akasema la, habari ni sahihi, ila sauti zimechanganyika, hufahamu yupi anasema nini. Kwa Waarabu mpaka leo neno hilo ndilo la mawimbi kuingiliana, na pia la mtu kuvuruga kwa makusudi matangazo ya mwenziwe.

Miaka yote hiyo nilikuwa nalo kichwani na sikuliunganisha na barua zangu.

Mtangazaji hakusema uongo. Redio haikuharibika. Baba naye masikio yake mazima. Na bado hujui umesikia nini.

---

Maalim_Chake

Assalaam alaykum. Mimi nasomesha chuo hapa Chake, nimepitishiwa uzi huu na mwanafunzi wangu. Katibu, umekwenda vizuri, ila naomba niongeze na nikusahihishe pahala pamoja.

Umesema shaka linahusu kusadiki au kutosadiki. Kwa wanazuoni wa usuli (misingi ya fiqhi, yaani sheria ya dini) shakk ni jambo la kupimwa kwa makini zaidi. Wameweka daraja. Ukiwa na uhakika kamili, hiyo ni yakini. Ukielemea upande mmoja lakini uhakika haujatimia, hiyo ni dhana. Shaka ni pale pande mbili zinapokuwa sawasawa, hakuna uliozidi. Wewe una mizani huko kwenu, basi fahamu hivi: shaka ni mizani iliyosimama katikati, dhana ni mizani iliyolalia upande. (Skuizi wasomi wanatumia "dhana" kwa maana ya fikra au wazo la kitaaluma, lakini huku kwetu ukisema "una dhana mbaya" kila mtu anajua ugomvi umekaribia. Qurani yenyewe imetuambia, Suratul Hujurat aya ya 12, kuwa baadhi ya dhana ni dhambi.)

Kwa maana hiyo ya kifiqhi shaka haina tuhuma ndani yake. Mfano wake mnaujua wote: siku ya shaka. Tarehe 30 Shaabani, mwezi haukuthibiti kuandamwa usiku wake, watu wanaulizana kama ni Ramadhani au bado. Hakuna anayetuhumiwa hapo. Au mtu yumo ndani ya sala, hajui kasali rakaa tatu au nne. Sisi Mashafii tunamwambia ashike iliyo chache, atimize iliyobaki, asujudu sijida mbili za kusahau kabla ya kutoa salamu. Na kuna kaida kubwa inayosimamisha milango mingi ya fiqhi, kwamba yakini haiondoki kwa shaka. Umetawadha kwa yakini, ukatia shaka kama udhu umetenguka, basi udhu wako uko pale pale.

Sasa kwa nini Bi Mkubwa kaumia? Nadhani jibu ni hili. Kiarabu kina neno jengine, *rayb*. Ndilo lililomo mwanzo wa Suratul Baqara, "la rayba fihi". Rayb ni shaka yenye kukereketa ndani, shaka iliyochanganyika na kumtuhumu mtu. Wafasiri wetu wanapofika hapo huandika "shaka", kwani hatukulichukua neno rayb. Basi shaka yetu ya Kiswahili imebeba mizigo miwili, wa shakk na wa rayb. Mwenyekiti wako alikusudia mzigo wa kwanza, mama wa watu akasikia wa pili. Wote wawili wana haki.

Na kuhusu tashwish, nikuunge mkono kwa ushahidi wa vitabu vyetu. Katika fiqhi tunalikuta kwenye mlango wa adabu za msikitini: mtu anasoma Qurani kwa sauti kubwa, na jirani yake anasali. Wanazuoni wanasema asinyanyue sauti iwapo anawatia tashwish wenye kusali. Aliyemo ndani ya sala hana shaka na dini yake wala na msomaji. Ila kisomo chake kimevurugika.

---

MzaliwaMvita

Salaam kutoka Mombasa. Nimesoma yote na nimefaidika, lakini nataka kupinga kidogo, kwa nia njema.

Huku kwetu, redioni na magazetini, "hakuna tashwishi" na "hakuna shaka" ni kitu kimoja. Mtangazaji wa kandanda atasema "hakuna tashwishi kwamba ni bao". Wala hapo hakuna kilichovurugika. Kamusi nayo inaeleza tashwishi kwa kuandika shaka. Lugha ni ya wanaoizungumza leo, si ya al-Jawhari. Ukitaka kila neno la Kiarabu lirudi kwao likachukue maana, tutabaki bubu.

---

Katibu_Kaskazini

Kaka wa Mvita, neno lako zito na sikatai. Sitaki kumrudisha mtu Uarabuni. Kamusi inaweka maneno mawili pamoja kwa kuwa yanakutana mara nyingi, na pale kwenye bao la kandanda yamekutana kweli.

Lakini tuache Kiarabu, twende na Kiswahili peke yake. Nakupa vipimo viwili.

Cha kwanza: tunasema *kumtilia mtu shaka*. Je, umewahi kumsikia mtu akisema *kumtilia mtu tashwishi*? Mie sijasikia. Tunasema *kumtia mtu tashwishi*. Angalia vitenzi hivyo viwili. Kumtilia ni kauli ya kutendea: shaka iko kwangu, naielekeza kwake, yeye ndiye mlengwa. Kumtia ni kinyume chake: yeye ndiye anayevurugika, mie au jambo fulani ndio sababu. Kwa shaka mtu ni mshukiwa. Kwa tashwishi mtu ni aliyefikwa.

Cha pili: shaka limezaa kitenzi, kushuku, na kitenzi kikazaa mshukiwa. Tashwishi halina mtoto wa namna hiyo, hakuna mtu anayeitwa kwa jina litokanalo nalo. Wazungumzaji wenyewe, bila ya kufundishwa na mtu, hawakulitumia kumnyooshea mtu kidole. Hilo si la al-Jawhari, ni letu, la Mvita na la Pemba.

Kwa hiyo nasema hivi: mnapokuwa kwenye mpira, tumieni lolote. Katika muhtasari wa kikao, ambapo karatasi itakaa kwenye jalada na mjukuu wa mtu ataisoma, chagueni.

---

MzaliwaMvita

Hicho cha kutia na kutilia nimekikubali. Nimejaribu kutafuta mfano wa kukupinga tangu asubuhi, sijaupata.

---

Mwanagenzi_Makunduchi

Samahanini wakubwa zangu, mie mwanafunzi wa fomu faivu. Mwalimu alituambia mashaka ni wingi wa shaka. Lakini nyanya akisema "nimewalea kwa mashaka" hamaanishi alikuwa hana uhakika nasi. Sasa ipi sawa?

---

Maalim_Chake

Mwanangu, suala lako zuri sana, na nyanya yako yuko sawa, na mwalimu wako yuko sawa.

Ni maneno mawili yaliyokutana njiani. La kwanza ni shaka hili tunalolizungumza, na ukiliweka katika wingi linakuwa mashaka: "bado kuna mashaka juu ya ushahidi". La pili ni la Kiarabu *mashaqqa*, yaani taabu na uzito wa jambo. Hilo "ma" si la wingi, limo ndani ya neno tokea asili. Tena lina qaf, herufi ya kooni, na shakk lina kaf, ya mdomoni. Sisi kwa kawaida hatutenganishi sauti hizo mbili tunapozungumza Kiswahili, basi mashaqqa ikawa mashaka, ikakaa pamoja na wingi wa shaka kama ndugu wa tumbo moja. Nyanya yako amewalea kwa mashaqqa. Mwombee dua.

Na shitaka nalo usilichanganye. Hilo linatokana na kushtakia, kupeleka malalamiko. Kwa hiyo mshukiwa na mshitakiwa hawakuzaliwa nyumba moja, japokuwa mara nyingi ni mtu yule yule.

---

Mwanagenzi_Makunduchi

Ahsante maalim. Nimemsomea nyanya jibu lako. Kasema amiin.

---

KojaniKwetu

Na "bila shaka" je? Hilo mbona halimchomi mtu?

---

Maalim_Chake

"Bila shaka" tumelichukua zima zima kutoka kwao, *bila shakk*, na "bila" yenyewe ni yao. Limekuwa kama neno moja la kuitikia. Mtu akikwambia "utakuja arusini?" ukajibu "bila shaka", hukupima pande mbili wala hukumfikiria mtu. Ni ahadi tu.

---

BintiMkunazini

Katibu, tumeongea maneno mengi na hujatwambia la muhimu. Bi Mkubwa yukoje? Kikao kiliishaje?

---

Katibu_Kaskazini

Bi Binti, nilikuwa nangoja nikamilishe ndiyo niseme.

Jana baada ya laasiri nimekwenda kwake. Nimechukua daftari la ufukweni, nikamwomba radhi kabla sijakaa, yeye akatandika mkeka bila ya kusema kitu. Tukaweka madaftari mawili pamoja, tukapitia siku baada ya siku, yeye kwa kidole, mie kwa penseli.

Tumefika kwenye siku nne mfululizo ambazo yeye aliandika kilo pungufu kabisa kuliko kijana. Akanyamaza kidogo. Akasema: "Siku hizi ilinyesha." Nikarudi kulitazama daftari la kijana. Kweli. Kwa kuwa jua halikutoka, kijana alipima mwani ambao haujakauka, akauandika kwenye safu ile ile ya mwani mkavu. Ulipofika ghalani siku tatu baadaye umekauka, Bi Mkubwa akaupima upya akaandika uzito wake wa kweli. Mwani ule ule, mara mbichi mara mkavu, umo katika safu moja.

Maalim, nilipoona vile nilikumbuka lile neno la al-Jawhari, kuchanganya. Na nikakumbuka redio ya baba.

Nikaandika pale pale mkekani:

"Kuna tashwishi katika hesabu za mwezi uliopita, kwa kuwa mwani uliopimwa kabla ya kukauka umeandikwa safu moja na mwani mkavu. Daftari la mweka hazina ndilo litakalofuatwa. Kuanzia sasa daftari la ufukweni litakuwa na safu mbili."

Nikamsomea. Akanitaka nisome tena. Nikasoma tena, polepole. Akaifuta miwani kwa ile leso ya daftari, akaivaa, akaichukua karatasi akaisoma mwenyewe, midomo ikicheza.

Kisha akanambia: "Hapo sawa. Tia na tarehe za mvua."